Uke Wenza na Lori Bovu

Kuna wanawake wanaomwonea wivu jirani, kuna wanaowaonea wivu mawifi, na wapo ambao hata mama mkwe akisifiwa mbele yao hawapati usingizi. Mama Dobi alilionea wivu lori. Mtu asimcheke kabla ya kulijua hilo lori lenyewe.

Lilikuwa lori jekundu la pua ndefu, la enzi zile injini ilipokaa mbele peke yake chini ya boneti na dereva nyuma yake. Mlio wake uliingia mtaani kabla yake. Madereva wa yadi walilibandika jina la Bi Mkubwa kwa sababu lilikuwa la kwanza kununuliwa na tajiri wao, na kwa sababu lilikuwa na makuu: likiudhika linasimama, na likisimama haliondoki mpaka libembelezwe. Mbembelezaji alikuwa mmoja tu, mume wa Mama Dobi, ambaye yadi nzima ilimwita Taratibu kwa jinsi alivyoendesha kama amebeba mayai hata alipobeba saruji. Taratibu alikabidhiwa lori hilo akiwa bado kapera. Kwa hiyo jina la Bi Mkubwa lilikuwa la haki kabisa, na Mama Dobi aliyekuja baadaye ndiye aliyekuwa bi mdogo. Jambo hilo lilimkaa kooni tangu wiki ya harusi, maana wiki hiyo hiyo rejeta ilitoboka, na bwana harusi akawa anashinda yadi, akirudi jioni na kucha nyeusi kuwasalimia wakwe.

Binti yao alipozaliwa, baba mtu alikuwa juu mlimani, akitoa upepo kwenye mabomba ya dizeli ili injini ikubali kuwaka. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa ameshapewa jina. Ndani ya nyumba ile miaka haikuwa na tarakimu. Kulikuwa na mwaka wa klachi, mwaka wa gia boksi, na mwaka ule springi ya nyuma ilipovunjika Taratibu akakaa porini karibu wiki nzima akisubiri chuma kingine. Mtu akiuliza binti alianza shule lini, jibu lilikuwa, "Ah, si ule mwaka wa gia boksi?" Binti mwenyewe sasa ameolewa mbali, na bado husema hivyo hivyo.

Mama Dobi alifanya kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Alikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi ya umeme, pasi ya mkaa kwa ajili ya siku umeme ukikatika, mabeseni, na kamba zilizovuka ua wote. Alifua ovaroli za mafundi wa gereji, mashuka ya nyumba ya wageni, na sare za yeyote mwenye sare. Kazi hiyo ilimfundisha kusoma nguo. Alijua nani anakula amesimama, nani ameacha sigara kwa mdomo tu, na nani anatoka kazini mapema kuliko anavyomwambia mkewe. Hakuwa msengenyaji. Alifua, akapiga pasi, akanyamaza.

Mafundi walipokuja kuchukua ovaroli zao walikuwa na tabia ya kukaa kwenye benchi la mlangoni na kubishana juu ya malori, mada isiyowaisha hamu.

"Lori la zamani ni mtu," alisema siku moja fundi mkuu wa gereji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Likikwama, unajua limekwamia wapi. Ukiwa na waya, koleo na kipande cha mpira wa ndani, unafika. Haya mapya je? Taa ya njano ikiwaka, kwisha habari. Unakunja mikono unamsubiri mtu mwenye kompyuta, na huyo mtu haji mpaka ajisikie."

"Lakini yanafika?" aliuliza Mama Dobi nyuma ya meza yake.

"Yanafika, ndiyo."

"Kila safari?"

"Karibu kila safari."

"Basi mimi nipeni hilo hilo."

Walicheka. "Mama Dobi, wewe huna mapenzi na magari!"

"Mapenzi yote ya magari alipewa mume wangu," alijibu, akigeuza ovaroli upande wa pili. "Mimi nilikuta sufuria imekombwa."

Walidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Alikuwa ameshaota mara nyingi kwamba lori lile limeporomoka bondeni, tupu, bila dereva, na katika ndoto hizo yeye ndiye aliyekuwa akipunga mkono juu ya mlima.

Dua za mtu zina njia zake. Tajiri alinunua lori jipya, jeupe, la pua bapa. Kiti chake kilipanda na kushuka kwa upepo, na katikati ya kabini palikuwa na kioo kilichoonyesha kila kitu kuanzia joto la injini mpaka uchovu wa dereva. Madereva wakaliita Bi Mdogo siku hiyo hiyo. Bi Mkubwa akauzwa kwa mtu wa mbali. Taratibu alisimama getini akalitazama likiondoka na dereva mwingine, dereva mwenyewe akikwaruza gia, na kila gia ilipokwaruza Taratibu alikunja uso kama anang'olewa jino. Mama Dobi alikuwa nyumbani uani, kati ya mashuka ya watu, na alipopata habari alipiga vigelegele peke yake mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza nani anaolewa.

"Naolewa mimi," alijibu Mama Dobi.

Na kweli, kwa miezi kadhaa alikuwa kama aliyeolewa upya. Bi Mdogo hakuwa na makuu. Aliwashwa akawaka, akaambiwa nenda akaenda, akaambiwa rudi akarudi. Kila Jumamosi mchana Taratibu alikuwa mlangoni, shati safi, kucha safi, na Mama Dobi alianza kufunga kazi Jumamosi adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walikula pamoja mchana kweupe. Mumewe alikuwa wake, nyumbani, amekaa kwenye kiti.

Ila alikuwa amekaa tu.

"Safari ilikuwaje?" alimuuliza.

"Nzuri."

"Hakuna kilichotokea?"

"Kitatokea nini?"

Zamani alikuwa anarudi amechelewa siku mbili, ananuka dizeli, na masimulizi yake yalijaza nyumba: alivyolala chini ya tela, alivyoshona mkanda wa feni kwa kamba ya turubai, alivyolidanganya lori likapanda mlima kwa gia moja. Sasa alikula, akashukuru, akatazama dirishani. Mama Dobi aliona, lakini hakujali. Mwili umo ndani ya nyumba, alijiambia, na moyo utafuata, utakwenda wapi tena na mwenye kuuiba ameshauzwa?

Halafu Jumamosi moja Taratibu akafika magharibi. "Gari limesumbua," alisema bila kumtazama mkewe.

"Lipi? Hili jipya?"

"Taa iliwaka."

Jumamosi iliyofuata taa ikawaka tena. Na iliyofuata. Mama Dobi aliweka chakula, akafunika, akafunua, akafunika tena. Hata lori lile bovu la zamani, pamoja na uovu wake wote, halikuwahi kuharibika Jumamosi tu. Mashine haijui siku. Mwanamume ndiye anayejua siku.

Jumatatu moja alitoa shati kwenye begi la safari la mumewe ili alifue, na mkono wake ukasita. Shati lilikuwa limeshafuliwa.

Tuelewane hapa. Mwanamke mwingine angeweza kukuta unywele, au harufu ya manukato, akapiga kelele. Kwa Mama Dobi, kukuta shati la mumewe limefuliwa na mkono usio wake kulikuwa kubaya zaidi ya hayo yote. Alilipeleka dirishani. Sabuni haikuwa yake. Lilikuwa limekamuliwa kwa kusokotwa, jambo ambalo yeye hakulifanya maishani, na likaanikwa juu ya kitu chenye kutu. Na kwenye mkono wa kulia, kuanzia kifundo mpaka kiwiko, palikuwa na doa pana la kijivu: mtu alijaribu kutoa grisi, akaisugua ikasambaa. Na ilikuwa grisi nzito, nyeusi, ya kizamani. Bi Mdogo hakuwa na mahali pa kumpaka dereva grisi. Injini yake ilikuwa haiguswi na mtu yeyote ila mafundi wa kampuni.

Alikaa chini juu ya lundo la mashuka. Wivu ulimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, ukampiga joto kuliko pasi. Kuna mwanamke mahali fulani, aliwaza, ana bomba la maji, ana kamba ya kuanikia, na kila Jumamosi anamvua mume wangu shati. Na hata kufua hajui! Hilo la mwisho lilimuuma peke yake. Angalau mumewe angemwacha kwa ajili ya mwanamke mwenye adabu ya kufua.

Karani wa yadi alikuwa shoga yake, na ndiye aliyeleta sare za madereva kila wiki. Mama Dobi alifunga mlango akamwonyesha shati. Karani alilitazama, akavuta pumzi, akatoa simu yake.

"Nilikuwa sitaki kukwambia, shoga. Hili lori jipya linatuletea habari zake lenyewe. Ona hii ramani. Hapa ni nyuma ya mizani, pale magari yanapopimwa uzito. Kila Jumamosi linasimama hapo, asubuhi mpaka alasiri. Injini imezimwa kwa mkono. Dizeli ipo. Kosa halina hata moja."

"Hakuna taa iliyowaka?"

"Hata ya kusomea."

Mama Dobi alicheka kwa uchungu. Bi Mkubwa angemtetea mumewe. Ungeuliza kwa nini amechelewa, ungeambiwa pampu, nozeli, rejeta, na nani angebisha? Lori bovu linafaa kwa mengi, kumbe, na hata kwa uongo ni zuri. Lile jipya lilikuwa la kuaminika mno, halikujua kumfichia mtu siri.

"Tajiri ameanza kuuliza," aliongeza karani kwa sauti ya chini. "Jumamosi hii likikaa tena mpaka alasiri, anampa ufunguo mtu mwingine. Sema na mumeo kabla."

Mama Dobi hakusema na mumewe. Jumamosi aliamka mapema, akavaa gauni lake zuri lililopigwa pasi mara mbili, maana mtu haendi kumfumania mume amevaa nguo za kufulia. Akakunja lile shati akalitia mkobani kama ushahidi, akapanda basi.

Mizani ilikuwa kando ya barabara kuu, na mbele yake mama mmoja aliuza chai kwenye kibanda cha mabati. Mama Dobi alimuuliza kama amemwona dereva wa lori jeupe la pua bapa.

"Fundi?" mama wa chai akatabasamu. "Huyo kila Jumamosi yuko kwa mjane wa kokoto. Pita hapo nyuma, utaona geti la bluu."

Mjane! Mama Dobi alishukuru vizuri, akapita hapo nyuma. Bi Mdogo alikuwa ameegeshwa kivulini, madirisha yamefungwa, ametulia kama gari la mtu anayejua kwamba atakaa. Geti la bluu lilikuwa wazi. Ndani palikuwa na vilima vya kokoto na mchanga, na katikati yake alipita mwanamke wa umri wa chini kuliko wake, mnene wa kupendeza, amebeba trei yenye kikombe na mkate. Mama Dobi alikaza mkoba. Alishaanza kuchagua neno la kwanza.

Ndipo akasikia sauti ya mumewe nyuma ya kilima cha kokoto.

"Polepole, mama. Polepole. Usinifanyie hivyo. Nimekuja, si nimekuja? Nipe kidogo tu... hapo hapo... haya, umeona?"

Sauti hiyo Mama Dobi aliijua. Alisemeshwa nayo yeye mwenyewe, zamani, kabla ya mwaka wa klachi. Mjane alikuwa mbele yake na trei, sasa mume wake anaongea na nani? Alizunguka kilima.

Aliona viatu viwili vimetokeza chini ya lori. Lori lilikuwa la kijani, la pua ndefu, na mlangoni rangi ilipokwanguka palichungulia wekundu aliokuwa akiuchukia tangu ujana wake.

Ni vigumu kueleza alichohisi, lakini nitajaribu. Alihisi kuonewa. Alikuwa amejiandaa kwa mjane, na mjane angeweza kupambana naye: angemtukana, angemvuta kilemba, angelia, na mambo yangekuwa na mwisho. Huyu alikuwa ameshashindana naye ujana mzima. Ameuzwa, amepelekwa mbali, amepakwa rangi nyingine, na bado ndiye anayepewa Jumamosi.

Alipiga kiatu kimoja teke. "Toka."

Viatu vikatulia. "Nani?"

"Bi mdogo wako."

Taratibu alitoka taratibu, kama jina lake, uso una oili, spana mkononi. Alimtazama mkewe kwenye gauni zuri, akatazama lori, akatazama mkewe tena, kama mtu ambaye wageni wake wawili wamefika siku moja. Mjane naye alifika na trei.

"Kumbe fundi ana mke!" alisema kwa furaha ya kweli. "Karibu sana, dada. Mimi nilishajua hana."

"Ulijuaje?"

"Si anakuja huku kila Jumamosi? Mwenye mke Jumamosi anakuwa kwake."

Hakusema kwa ubaya. Aliweka trei juu ya ngao ya gurudumu akarudi kwa wateja wake. Mama Dobi alitoa shati mkobani.

"Nani amefua hili?"

"Mimi," alisema Taratibu.

"Wewe?"

"Pale bombani. Kwa sabuni ya vyombo. Nilitaka usione."

"Kwa maji baridi?"

"Baridi."

"Grisi unaisugua kwa maji baridi!" Kwa dakika nzima Mama Dobi alisahau kilichomleta, akaanza kumweleza habari za maji ya moto na unga wa sabuni. Halafu akakumbuka, na akaumia upya. Mwanamume huyu, tangu amuoe, hakuwahi kufua hata leso. Amekuja kufua shati kwa mara ya kwanza, na amelifua kwa ajili ya lori.

"Nilimkuta barabarani, boneti juu," Taratibu alijieleza. "Dereva wake anamwaga maji baridi kwenye rejeta inayochemka. Ningepitaje, mke wangu?"

"Ungepiga honi ukapita. Mimi ningepiga honi kwa nguvu."

"Mama mjane wa watu halijui, dereva wake halijui. Nikasema nimsaidie mara moja." Alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Lile jeupe... sina ubaya nalo. Nikitaka kupiga breki limeshapiga. Nikichoka linaniambia nimechoka. Iko siku nitashuka njiani na lenyewe litaendelea, wala halitajua nimeshuka. Huyu akilia, najua anataka nini. Ananihitaji."

"Na mimi?"

Taratibu alimtazama kwa mshangao. "Wewe una nini? Wewe huna shida. Tangu nikuoe hujawahi kunisumbua hata siku moja."

Alisema hivyo kwa kumsifu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, na aliitoa kwa moyo mweupe, amesimama na spana. Mama Dobi alilikunja shati, akalirudisha mkobani. Mwisho akamwambia habari za ramani, na tajiri, na ufunguo.

Hapo Taratibu alinywea. Aliangalia upande wa Bi Mdogo, akaelewa kwamba muda wote huo alikuwa anaonekana. Akamwita dereva wa mjane, akamwonyesha kwa haraka namna ya kutoa upepo kwenye dizeli na mahali pa kupiga kidogo kwa nyundo stata ikigoma, akamwachia spana. Kabla ya kuondoka aliweka kiganja juu ya boneti. Mama Dobi aligeuka akatazama kokoto, kwa sababu kuna mambo mke haangalii.

Walirudi pamoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda gari la mumewe. Kwenye Bi Mkubwa kiti cha pili kilikuwa kimejaa jeki, minyororo na makopo ya oili tangu siku zote. Alipokaa tu, Bi Mdogo akaanza kulia: ting, ting, ting.

"Linalia nini?"

"Linataka ufunge mkanda."

"Limejuaje kama nipo?"

"Linajua tu. Mtu akikaa, linajua."

Mama Dobi alifunga mkanda, lori likanyamaza. Barabara ilipita laini chini yao. Hakuna kilichogonga, hakuna kilichovuja. Yeye alikuwa mtetezi wa magari haya, alishawahi kubishana na gereji nzima juu yake. Na sasa aliona sababu, ikamchoma: yeye mwenyewe ndiye lori jipya. Asubuhi anawaka. Akiambiwa chakula, kipo; akiambiwa shati, limepigwa pasi. Hapigi kelele milimani. Na nani aliwahi kulala chini ya kitu kisichoharibika, akakisemesha kwa sauti ile? Lile kongwe lilimshinda kwa sababu moja tu, kwamba lilijua kukwama, na yeye hakujua. Alitazama mikono yake mapajani. Wivu ulikuwepo bado, ila haukuwa na hasira tena. Ulikuwa unafikiria.

Jumatatu alifua. Jumanne alipiga pasi. Wiki nzima alifanya kazi kama kawaida, na mafundi waliokuja kuchukua ovaroli hawakuona tofauti.

Jumamosi mchana Taratibu alifika kwa wakati, shati safi, kucha safi. Alikuta mlango umerudishwa. Kamba za uani zilikuwa tupu. Jiko halikuwa na moto. Mama Dobi alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya ovaroli ambazo hazijakunjwa, mikono mapajani, pasi imepoa mezani.

"Kuna nini?" Taratibu aliuliza.

"Nimekwama."

"Unaumwa?"

"Sijui."

"Wapi panauma?"

"Wewe ndiye fundi."

Taratibu alicheka. Mkewe hakucheka. Alisimama na begi lake begani, akatazama jikoni, akatazama mlangoni kama anayetaka kumwita jirani, akamtazama tena yule mwanamke aliyekaa. Hakujua aanzie wapi, na kwa mtu kama yeye, kutojua pa kuanzia kulikuwa aibu kubwa. Kisha mazoea ya kazi yakamrudia. Aliweka begi chini, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa mbele yake. Akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza polepole kwenye mwanga kama anayetafuta mahali panapovuja.

Karibu na kifundo palikuwa na kovu refu, laini, linalong'aa. Alilipitishia kidole gumba.

"Hili la lini?"

"Mwaka wa springi."

Kidole kikasimama. Mwaka wa springi aliukumbuka wote. Alikumbuka pori lenyewe, na mvua iliyonyesha, na jina la fundi aliyeleta chuma, na chuma chenyewe jinsi kilivyokuwa kimekunjwa vibaya.

"Hukuniambia."

"Ulifika ukisimulia springi."

Akaugeuza mkono. Kulikuwa na lingine katikati ya vidole. "Na hili?"

"Gia boksi."

"Hili dogo?"

"Klachi. Nilikuwa na mtoto mgongoni, pasi ikaniponyoka."

Mlangoni fundi mkuu alibisha hodi, akasema amefuata ovaroli zake.

"Leo hatufungui," alijibu Taratibu bila kugeuka. "Kuna matengenezo."

Akavuta kigoda kingine, akakaa, akanyoosha mkono wake.

"Lete na ule wa kushoto," alisema.